Jeshi la mezani la Vita Kuu hapa Dar: anza na wapagazi

#1 mtu_wa_Sinza

Wakuu, habari za Jumapili.

Niliombwa nieleze ninavyojenga jeshi langu la mezani la vita vya 1914 hadi 1918 huku kwetu, enzi ya Mjerumani. Nimeona nifungue uzi wake kabisa, maana nina jambo moja ninaloliamini na nataka kulitetea: ukijenga jeshi la vita hivi, anza na wapagazi. Usianze na askari, usianze na bombomu (bunduki ya rashasha), wala na yule afisa wa Kijerumani mwenye kofia pana. Wapagazi kwanza.

Kwa wageni: huu ni mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Sanamu unazikata, unaziunga na kuzipaka rangi mwenyewe. Mwendo unapimwa kwa inchi, mimi natumia futi ya fundi cherehani, na matokeo ya kila shambulio huamuliwa kwa dadu na kanuni mlizokubaliana. Wengi wetu tuliingia kupitia Warhammer 40,000 ya Games Workshop, kampuni ya Uingereza iliyoanza 1975. Mchezo wenyewe ulitoka 1987. Mimi pia niliingilia mlango huo. Binamu yangu aliniletea sanduku la askari kumi wa deraya, nikanogewa, nikawa naagiza kila nikipata hela. Baada ya miaka mitano nilikuwa na sanamu 140 chini ya kitanda, na 22 tu ndizo zilizokuwa na rangi.

Kilichonigeuza ni siku moja niliyokuwa nasubiri mtu pale Mtaa wa Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Nimepita pale tangu utoto. Ile ya shaba, askari na bunduki yake yenye singe, imesimama tangu 1927. Siku hiyo nikasogea kusoma maandishi ya chini, yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawataja askari, halafu yanawataja wapagazi, na yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Nikainua macho. Pale juu hayupo mpagazi hata mmoja.

Nikitoka hapo nilikuwa naelekea Kariakoo kununua washa za chuma, zile ninazozitumia kama vitako, yaani kiduara anachosimamia askari. Kila aliyesoma hapa mjini anajua jina Kariakoo limetoka wapi. Waingereza walipoiteka Dar Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi pale, na midomo ya watu ikalifanya jina kuwa Kariakoo. Nilikuwa nalijua hilo tangu shule ya msingi. Ila siku hiyo nilisimama dukani na washa hamsini kwenye mfuko wa nailoni, nimekuja kununulia jeshi vitako kwenye eneo lenye jina la wapagazi, na katika mipango yangu yote ya jeshi hilo sikuwa nimeandika mpagazi hata mmoja.

Basi nikakaa chini na hesabu.

Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la Kijerumani huku, Schutztruppe, lilikuwa na kampuni 14 za uwanjani: Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika karibu 2,500. Kampuni moja ilikuwa na askari kati ya 150 na 200, maafisa wachache wa Kijerumani na bombomu mbili. Na nyuma yao wapagazi wapatao 250. Soma tena, mkuu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji. Ukiacha reli, barabara za magari zilikuwa haba, na punda, ng'ombe na farasi walikuwa wanaangushwa na mbung'o. Kila risasi, kila kibaba cha unga, kila sanduku la dawa lilisafiri kichwani mwa mtu.

Mezani natumia uwiano wa moja kwa kumi, sanamu moja inasimama badala ya watu kumi. Kampuni moja kwangu ni askari 16, Wajerumani 2, bombomu moja na wapigaji wake, na wapagazi 25. Ukiiweka mezani hivyo unaiona kampuni kwa umbo lake: mstari mrefu wa watu wenye mizigo, na vichwa vichache vya bunduki mbele na nyuma. Ukiwaondoa wapagazi unabaki na picha ya gwaride.

Sasa kazi yenyewe.

Ukubwa. Sanamu nyingi za kisasa ni za milimita 28, hiyo ni kimo cha mtu toka nyayo hadi machoni au utosini, watengenezaji hawakubaliani. Wargames Foundry ya Uingereza ina sanamu nzuri za chuma za Afrika ya karne ya 19, na wapagazi wamo. Ni nzuri kweli, lakini ukijumlisha nauli na kodi ya forodhani, wapagazi 25 wa chuma ni hela ya kodi ya chumba. Mimi nilinunua wanane tu wa chuma. Waliobaki 17 niliwatengeneza kutokana na mabaki ya sanamu za plastiki nilizokuwa nazo.

Nakata bunduki na mikono kwa kisu chembamba, nasugua kwa msasa laini. Mkono mpya natengeneza kwa waya wa shaba uliochunwa kwenye nyaya za umeme, nauvika epoksi ya kukanda, ile ya pande mbili wanayozibia mafundi bomba. Ukishaichanganya una kama nusu saa kabla haijagoma, na vidole viwe na maji muda wote la sivyo inakung'ang'ania. Mkono mmoja unaupandisha kushika mzigo, mwingine unauacha uning'inie au unaupa fimbo. Fimbo ni njiti ya ufagio wa chelewa. Wakuu, chelewa ni mali: ni nyembamba, imenyooka, haivunjiki kama kijiti cha meno, na ina mafundo madogo ambayo kwa kimo hiki yanaonekana kama mafundo ya mti halisi. Mti wa kubebea bombomu, watu wawili mbele na wawili nyuma, ni chelewa tupu.

Mzigo ndio unaompa mpagazi uhai. Nilianza na maboksi ya mraba ya kadibodi, yote sawa, yakaonekana kama watu wamebeba viberiti. Nikayatupa. Sasa kila mmoja ana wake: mzigo wa turubai uliofungwa kamba (karatasi ya tishu iliyolowekwa gundi nyeupe ya seremala, kamba ni uzi wa kushonea), sanduku la risasi, gunia la unga lililolegea katikati, sufuria mbili zilizofungwa pamoja, hema lililokunjwa linalobebwa na wawili, kitanda cha kukunja cha afisa. Huyo wa kitanda cha afisa nilimtengeneza kwa siku tatu. Ameinamisha shingo kidogo upande wa kushoto. Sikupanga, epoksi ilisogea wakati inakauka, na nilipomtazama asubuhi nikaona huyu sasa anasikia uzito.

Picha nimeziweka chini. Nitaendelea na rangi na hali ya hewa ya hapa. Maswali karibuni.

#2 Fundi Msasa

Mkuu tiririka, tuko hapa. Swali la haraka: supa gluu yangu inaacha ukungu mweupe kwenye sanamu, na muda mwingine inashika kabla sijaweka mkono sawa. Ni feki?

#3 mtu_wa_Sinza

Si lazima iwe feki, Fundi. Gundi ile hugandishwa na unyevu wa hewani, na Dar unyevu tunao wa kugawa. Ndiyo maana inawahi kushika. Ule ukungu mweupe ni mvuke wake unaotua juu ya sanamu, na unyevu unauzidisha. Weka tone dogo sana kwa ncha ya pini, washa feni ipulize kwa pembeni kuondoa mvuke, na chupa iliyofungwa vizuri iweke kwenye friji. Ukiitoa, iache ipate joto la chumba kabla hujafungua, vinginevyo jasho linaingia ndani na chupa nzima inaganda.

Kwa plastiki ngumu usitumie supa gluu kabisa kama unaweza kupata gundi maalumu ya plastiki. Hiyo inayeyusha pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Supa gluu iache kwa chuma na resini.

Na kwa kuwa tumegusa unyevu: rangi ya kopo la kupuliza ni mtihani hapa. Kopo la kupuliza halipandi ndege kwenye vifurushi vya posta, ni mzigo wa hatari, kwa hiyo ukitegemea kuagiza nje sahau. Yapo ya mafundi magari na praima zao (rangi ya kwanza ya kushikishia nyingine) zinafanya kazi, ila puliza kwa mbali na kwa tabaka nyembamba, ni nzito na zinafunika sura. Wakati wa masika usipulize. Nilipuliza askari tisa mwezi wa nne, mvua imetoka kunyesha, wakakauka na ngozi ya ukungu kama wamemwagiwa unga. Na jua la Januari saa nane mchana nalo si rafiki, rangi inakaukia hewani inafika kama vumbi. Siku hizi napaka praima kwa brashi tu. Ni polepole, lakini miezi yote kumi na miwili nafanya kazi.

Rangi za akriliki nazo zinakauka kwenye kisahani kabla hujamaliza jicho moja. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko, tandika sifongo iliyolowa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Rangi iweke juu ya karatasi. Inakaa mbichi mpaka kesho yake ukifunika.

#4 mchezadadu

Rangi ya ngozi, mkuu. Kila maelekezo ninayopata ni ya kupaka Mzungu. Nikipaka askari wa KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza) anatoka kijivu kama ana majivu usoni.

#5 mtu_wa_Sinza

Hili nililitesekea mwaka mzima, kwa hiyo nitalisema kwa kirefu.

Kosa ni kung'arisha kwa kuongeza nyeupe. Maelekezo yale yanasema chukua rangi ya msingi, ongeza nyeupe kidogo kidogo kadiri unavyopanda kwenye pua na mashavu. Kwa ngozi yetu nyeupe inaua damu, anabaki majivu. Badala yake panda kwa wekundu na manjano ya udongo.

Mimi naanza na kahawia iliyokolea, nimeitia tone la buluu nzito. Hiyo inakaa kwenye mashimo yote: chini ya kidevu, kati ya vidole, pembeni mwa pua. Juu yake kahawia yenye wekundu, rangi ya udongo mwekundu ukilowa, naipaka kila palipoinuka. Kisha ile ile naitia tone la rangi ya chungwa iliyopoa, naigusisha kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua, vifundo vya vidole na bega. Kiganja cha mkono ulioshika mzigo kina rangi yake ya peke yake, nyepesi zaidi. Usikisahau, maana kwa mpagazi kiganja ndicho kinachotazamana na mchezaji.

Na usimpake kila mtu rangi moja. Wapagazi 25 wangu wana mchanganyiko wa aina nne. Kaa kituo cha daladala Mwenge dakika kumi ukitazama watu, utapata somo lote.

Sare kwa ufupi: askari wa Mjerumani ni kaki, tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki, na vitambaa vya miguuni vya buluu nzito. Hiyo buluu inaonekana vizuri mezani hata ukiwa umesimama mbali. Kaki yenyewe isiwe moja. Ilifuliwa mtoni, ikachujuka kwa jua, na kufikia mwaka wa tatu nguo zilikuwa viraka. Wapagazi sikuwapa sare: shuka, kaniki, kikoi, mwingine kaptula ya zamani.

#6 Baba Wawili

Nauliza kwa nia njema. Hela na muda wote huu, na jeshi lenyewe la vita vya wakoloni wawili waliogombea nchi yetu. Babu zetu waliswagwa kama mifugo wakafie porini, leo tunawarushia dadu. Mnajisikiaje?

#7 mtu_wa_Sinza

Mzee wangu Baba Wawili, nashukuru umeuliza, na sina jibu jepesi.

Kweli waliswagwa. Wengi hawakujiandikisha, walikamatwa vijijini, majumbe wakalazimishwa kutoa idadi. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Hesabu yake inatisha ukiifanya mwenyewe. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25. Mtu anayetembea juani kutwa anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Kwa hiyo mpagazi wa chakula, akitembea siku 25, amekula mzigo wake wote na hajamfikishia askari hata kibaba, na bado hajarudi. Jeshi likienda mbali zaidi, linahitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Ndipo posho ilipokatwa, na aliyekatwa kwanza alikuwa mpagazi.

Nilikuwa nikisoma habari za vita hivi tangu kidato cha tatu na sikuwahi kuiona hesabu hiyo. Niliiona mezani, siku nilipojaribu kuandika kanuni ya chakula ikawa haifungi. Kila nilivyopanga, watu wangu walikuwa wanakufa njaa kabla ya kufika Rufiji. Nilidhani nimekosea kuzidisha.

Kwenye kanuni zangu hakuna alama ya kuua mpagazi. Hupati chochote kwa kumpiga. Akishambuliwa anatua mzigo na kukimbilia msituni, na mchezaji aliyempoteza anahesabiwa hasara mwishoni kubwa kuliko ya askari. Watu wanawalinda. Nimeona kijana wa miaka 17 akirudisha nyuma nusu ya askari wake kuwafunika wapagazi wanne waliokwama kwenye korongo, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kama bado unaona si sawa, nitaelewa.

#8 Baba Wawili

Nimekusoma. Hiyo ya kilo 25 sikuwahi kuifikiria. Endelea.

#9 Fundi Msasa

Hizo kanuni ni ngumu? Na mandhari unatengenezaje, maana meza ya kijani kama uwanja wa mpira haifanani na huku kwetu.

#10 mtu_wa_Sinza

Kanuni ni kurasa mbili, nitaziweka humu nikishazisafisha. Msingi wake: kila mpagazi ana mzigo wa aina moja, risasi au chakula au machela. Bombomu inafyatua mara mbili kwa risasi zake yenyewe. Mara ya tatu lazima awepo mpagazi wa risasi ndani ya inchi nne. Hakuna mpagazi, hakuna bombomu. Jumamosi iliyopita tulicheza wanne, mwenzangu aliiweka bombomu yake juu ya kichuguu mahali pazuri mno, anaona meza nzima, halafu wapagazi wake walikuwa ng'ambo ya mto. Ilinyamaza zamu ya tatu. Aliitazama tu.

Mandhari sasa. Meza ni mbao ya futi sita kwa nne. Nimeipaka gundi nyeupe nikamwagia mchanga wa ufukweni uliochekechwa. Mchanga wa bahari usiutumie bila kuuosha kwa maji yasiyo ya chumvi mara tatu nne, chumvi inavuta unyevu na rangi itabanduka. Nilibandua meza nzima kujifunza hilo.

Nyasi ndefu ni mkonge. Nunua kamba ya katani, ifumue, kata vipande vya sentimita mbili, shika kishungi, chovya chini kwenye gundi, simamisha. Ukitaka nyasi za kiangazi iache na rangi yake. Ukitaka za baada ya mvua, iloweke kwenye rangi ya kijani iliyozimuliwa. Vichaka ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kumwagiwa sifongo iliyosagwa. Kwa hiyo nikicheza Tanga, nyasi zangu ni mkonge na Tanga yenyewe ilikuwa na mashamba ya mkonge. Hilo linanifurahisha kuliko sanduku lolote la dukani.

Na Tanga ndiyo vita nzuri ya kuanzia kwa mgeni. Novemba 1914, Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya watetezi kama 1,000 walioletwa kwa reli kutoka Moshi. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4. Nyuki waliochokozwa kwenye mizinga yao mitini wakawavamia watu katikati ya risasi. Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki na risasi karibu 600,000. Kwa uwiano wangu hiyo ni sanamu 800 upande mmoja, haiwezekani, kwa hiyo chukua kipande tu: mtaa mmoja wa mji, kikosi cha Kashmir Rifles kinachoingia, kampuni moja inayokizuia. Nyuki nimewatengeneza kwa pamba iliyotiwa pilipili manga, iliyobandikwa kwenye kitako.

#11 mchezadadu

Na vita ya Lugalo? Mimi Mhehe, nataka mtemi wetu Mkwawa.

#12 mtu_wa_Sinza

Lipo kwenye foleni, ndugu yangu. 17 Agosti 1891, safu ya Zelewski, afisa wa Kijerumani, iko njiani, bunduki hazijawa tayari, Wahehe wapatao 3,000 wamelala kwenye nyasi. Kwa uwiano wangu ni mashujaa 300 wenye mikuki na ngao, na siwezi kuwapaka rangi mimi peke yangu. Mkikubali watano, kila mmoja 60, tunaifanya. Mikuki ni chelewa. Na kumbuka ile safu nayo ilikuwa na wapagazi, kama 170.

#13 mchezadadu

Niandike wa kwanza. 60 zangu. Za plastiki laini za kimo cha 1/72 zinafaa?

#14 mtu_wa_Sinza

Zinafaa na ni nafuu, sanduku moja linaweza kuwa na sanamu 40 na kitu. Ila tukubaliane kimo kimoja wote. Plastiki laini ioshe kwa sabuni ya vyombo, ikaushe, pakaza gundi nyeupe iliyozimuliwa kabla ya praima, la sivyo mkuki ukipinda rangi inachubuka.

Kuna aliyenitumia ujumbe akiuliza printa ya 3D. Ya resini inatoa sanamu safi sana, na jua letu linakausha resini bure, huhitaji taa ya kukaushia. Ila vaa glovu, fungua madirisha, na uwe na betri ya akiba. Rafiki yangu alikuwa saa ya sita kati ya saba, umeme ukakatika, akatoa askari wanane waliokatikia kifuani.

#15 Nyota ya Tanga

Nimesoma uzi wote tangu asubuhi. Sichezi mchezo huu, nilikuja kwa sababu ya neno wapagazi.

Bibi yangu ni Mbondei wa Muheza. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo vita hivyo. Alirudi, wenzake wawili wa kijijini hawakurudi. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba kichwani mwa baba yake, katikati, palikuwa na mahali hapakuoti nywele mpaka anakufa.

Nimekuza picha ulizoweka. Kaka, kazi ni nzuri, yule aliyeinamisha shingo nimemtazama muda mrefu. Lakini mizigo imekaa moja kwa moja juu ya kichwa. Ngata iko wapi? Hakuna mtu anayebeba kilo 25 kutwa bila ngata. Bibi alisema baba yake aliisokota kwa majani ya mgomba, zikikauka anasokota nyingine njiani.

#16 mtu_wa_Sinza

Dada, umenishika. Mama yangu alikuwa akichota maji kisimani na ngata kila siku ya utoto wangu, nami nimetengeneza watu 25 wenye mizigo na sikuiona.

Shukrani sana, na shukrani kwa habari ya mzee.

#17 mtu_wa_Sinza

Mrejesho, saa tano usiku. Nimeng'oa mizigo kumi na moja mpaka sasa. Ya epoksi inatoka kwa wembe ukiupitisha polepole kuizunguka, ila wanne wa chuma waliobebeshwa mizigo kiwandani itabidi niwakate kwa msumeno mwembamba.

Ngata nimejaribu epoksi, inatoka nene, inaonekana kama kofia. Nikajaribu tishu, inalala. Iliyokubali ni uzi wa kushonea wa pamba, nyuzi tatu zimesokotwa pamoja, zimechovywa kwenye gundi nyeupe, zikazungushwa mara mbili kwenye ncha ya penseli na kuachwa zikauke. Inatoka duara la milimita tano hivi, na misokoto inaonekana. Nimezipaka kijani kilichochujuka nusu, na nusu kahawia, za majani yaliyokwisha kukauka.

Mzigo sasa umepanda juu kidogo na shingo zimeonekana ndefu zaidi. Wa kitanda cha afisa nimemwacha wa mwisho, kwa sababu ya ile shingo, ngata yake lazima ikae imeinama upande wa kushoto na sitaki kuharakisha. Picha kesho nikitoka kazini.